Vichupa Vyenye Mwandiko Wangu

Jioni moja ya Januari, kaskazi imeshika, nilikuwa nakatiza Muyeye, hapa Malindi, kurudi nyumbani kutoka kazini nikawakuta watoto wanne wamekaa chini ya mwarobaini wanacheza duka. Mchanga ndio sukari, majani ndiyo mchicha, mbegu za mkwaju ndizo pesa. Mafuta ya kupikia yalikuwa maji, yametiwa ndani ya vichupa vya plastiki vidogo kama kidole cha mtoto, vyenye kifuniko cha kubana. Nilivijua kabla sijainama. Nikaomba kununua kimoja. "Shilingi kumi, shangazi," akaniambia muuzaji, mtoto wa miaka sita hivi. Juu ya kifuniko paliandikwa M-47 kwa wino mweusi. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilivinunua vyote. Nikawanawisha mikono kwa sabuni kwenye bomba la jirani, kisha nikaenda kwa bibi yao, maana sikuweza kupita hivihivi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umewapokonya?"

"Nimevichukua, bibi. Ni vya kazini kwetu. Wamevipata wapi?"

"Si hapo shimoni penu? Mvua ikinyesha huelea vikaja mpaka mlangoni. Havikuanza leo hivyo." Akanyamaza, kisha akasema lililoniuma zaidi. "Na ule moshi wenu wa Ijumaa, mwanangu, mimi hufunga madirisha nikajiziba pua kwa leso. Nilidhani mnajua."

Miaka mitatu nilikuwa nimefanya kazi pale, na sikuwahi hata mara moja kwenda kusimama upande unaoelekea moshi.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa maabara ndogo za pwani, hasa wanaoanza. Mambo mengi niliyoyafanya baada ya jioni ile niliyafanya vibaya kwanza, na mengine yalitugharimu pesa ambazo hatukuwa nazo.

Kazi yetu ni mbu. Wenzetu wa nyanjani hutega mitego ya taa vijijini, kuanzia karibu na Mto Sabaki hadi kandokando ya mikoko, na asubuhi huleta walionaswa. Mbu wa malaria wa jamii ya Anopheles gambiae hufanana mno. Hata ukimweka chini ya darubini huwezi kumtenga gambiae mwenyewe na arabiensis, wala na merus, ambaye huzaliana kwenye vidimbwi vya maji ya chumvichumvi vya huku kwetu. Kila mmoja ana tabia zake, na usipojua ni nani unayepambana naye utapulizia dawa mahali asipokaa. Basi tunamsaga mbu, tunatoa DNA yake, tunaitia kwenye mashine ya PCR inayozidisha kipande kidogo cha DNA mara mamilioni, kisha tunasoma mistari kwenye jeli. Naipenda kazi hii. Nimeugua malaria utotoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mdogo wangu alilazwa nayo mara mbili.

Lakini mbu mmoja, asiyefikia uzito wa punje ya mchele, alikuwa akiondoka na vichupa viwili, ncha sita au saba za pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone (sisi huziita tipu), na sehemu yake ya glavu. Wiki yenye mbu mia mbili hujaza pipa. Pipa likijaa, Ijumaa mchana kijana wa usafi hulipeleka shimoni nyuma ya uwanja, hulimwagia mafuta ya taa na kuliwasha. Nusu huungua, nusu huyeyuka, na vile vya chini havipati moto kabisa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikielea.

Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa Lamu, nilishangilia kama mtu aliyeshinda kesi yake mwenyewe. Nina ndugu Lamu. Nilituma ujumbe kwa kila mtu: bahari yetu imepona, hewa yetu imepona. Ilikuwa siku ya Jumatano. Ijumaa yake tulichoma pipa kama kawaida. Sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka bibi yule aliponitajia leso.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Usiku uleule nilisoma kila nilichokipata. Nikakuta kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walipima taka za idara yao wenyewe wakapata karibu tani moja ya plastiki kwa kila mtafiti kwa mwaka, kisha wakakadiria katika jarida la Nature kwamba maabara za elimu ya viumbe duniani zilitupa takriban tani milioni 5.5 za plastiki katika mwaka 2014. Sikulala. Asubuhi nikamwambia mwenzangu kwamba kuanzia leo tipu tunaziosha. Nikawa nazitia kwenye sabuni, nazisuuza mara tano, naziingiza kwenye autoklevu, ile mashine ya mvuke wa kuulia vijidudu, nazikausha juani kwenye sinia, zimefunikwa kwa kitambaa. Zilikuwa safi zinang'aa. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Wiki ya tatu ile sampuli tupu, ambayo haina mbu ndani na hutakiwi kuona chochote kwake, ikatoa mstari. Nikarudia, ikatoa tena. PCR ni mashine ya kuzidisha, nayo haichagui: chembe ya DNA ya juzi iliyobaki kwenye tipu iliyooshwa huzidishwa sawasawa na DNA ya leo. Joto la autoklevu huua vijidudu, lakini haliondoi vipande vyote vya DNA. Nilikuwa nimesoma hayo chuoni na niliyajua. Furaha ya kutenda jema ilinifanya niyasahau. Tulilazimika kutupa matokeo ya wiki tatu na kurudia mbu mia nne na kitu. Tipu nilizookoa zilikuwa labda elfu moja na nusu; nilizotumia kurudia kazi zilikuwa karibu mara mbili yake, pamoja na vimeng'enya vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Ulaya ndani ya barafu kavu. Bosi hakunigombeza. Aliniuliza tu nimepanga kumweleza vipi mfadhili. Nililia chooni.

Tangu hapo kila nikiambiwa njia mpya ya kupunguza taka, swali langu la kwanza ni kama inahatarisha matokeo. Kazi iliyoharibika ndiyo taka kubwa kuliko zote, maana imekula plastiki, umeme, dawa na jasho la watu wa nyanjani, na haikuacha kitu. Ukitaka kuokoa tipu kwenye PCR, ziokoe kabla hujazigusa: panga kazi ili tipu moja itie mchanganyiko uleule kwenye vichupa vyote kabla DNA haijaingia, kisha ndipo ubadilishe kwa kila sampuli. Mpangilio huo peke yake ulitupunguzia karibu theluthi ya tipu, na sampuli tupu haikutoa mstari tena.

Jambo jingine lililotusaidia ni kupunguza ujazo. Tulikuwa tunafuata maelekezo ya mikrolita 25 kwa kila sampuli kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa. Nilijaribu 12.5 kwa mbu ambao tayari tulijua ni nani, arobaini hivi, nikalinganisha. Majibu yaleyale. Dawa ya PCR iliyokuwa ikituishia mwezi ikafika miezi miwili. Na badala ya kusaga mbu mzima tukaanza kutumia mguu mmoja au miwili, inatosha kabisa kumtambua, mwili unabaki akiba kama kipimo kikigoma. Ningemshauri mtu aanzie hapa, kwa sababu hakuna cha kununua. Ila jaribu kwanza kwa sampuli unazozijua, usije ukaponzeka kama nilivyoponzeka mimi.

Sasa nije kwenye friza, ambayo ndiyo iliyonisumbua kuliko yote.

Tulikuwa na friza moja ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Friza ya namna hiyo hula uniti kama 20 za umeme kwa siku, na ikizeeka hula zaidi. Kwa bei tuliyokuwa tunalipa wakati ule, karibu shilingi 28 kwa uniti pamoja na tozo zote, ilikuwa inatumaliza shilingi elfu kumi na saba kwa mwezi, mshahara wa mtu. Nilipokuwa nasoma miongozo ya nje niliona wote wanaizungumzia kwa upande wa moshi wa viwanda vya umeme. Kwetu Kenya hesabu ni nyingine. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Hata hapa karibu, Langobaya, kuna shamba kubwa la sola. Moshi wetu hauko kwenye waya. Uko kwenye jenereta. Malindi stima ikipotea, jenereta ya dizeli lazima iwake ndani ya saa chache kwa ajili ya friza ile tu, na huwaka usiku kucha kwa sababu hakuna kingine kinachoweza kuisubirisha. Mwezi wa Machi mmoja tulinunua dizeli kwa pesa nyingi kuliko bili ya stima.

Na hewa ya bahari haina huruma. Chumvi hula mapezi ya kipoza joto, vumbi huziba chujio, joto la chumba hupanda, friza hufanya kazi bila kupumua. Fundi aliyekuja kutoka Mombasa aliifungua nyuma akatikisa kichwa.

"Dada, hii mara ya mwisho ilisafishwa lini?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kuisafisha. Alitoa shuka la vumbi nene kama blanketi. Kisha akanionyesha mpira wa mlango uliojaa barafu, ndiyo maana mlango ulikuwa haufungi sawasawa na baridi ilikuwa inavuja mchana na usiku. Alitutoza shilingi elfu nane pamoja na nauli. Tangu siku hiyo chujio naliosha mwenyewe kila mwisho wa mwezi, barafu ya mlangoni naikwangua kwa kipande cha mbao kila Jumatatu, na friza imesogezwa ikaachana na ukuta kwa nafasi ya kupitisha mkono. Hayo hayahitaji fundi. Ningeyajua mapema ningeokoa pesa za fundi na miaka miwili ya uhai wa mashine.

Baada ya hapo tukafungua masanduku yaliyokuwa ndani. Ilituchukua siku tano, mikono ikiuma kwa baridi, mmoja anasoma lebo na mwingine anaandika daftarini. Tulikuta masanduku ya watu walioondoka zamani, lebo zimefutika, mengine yameandikwa neno moja tu: "muhimu". Tuliwapigia simu tuliowapata. Mmoja alikuwa ameshahamia kazi ya benki, akacheka akasema tupa. Mwingine alituomba tusiguse, na alikuwa na haki, maana mbu wake walikusanywa kabla ya vyandarua vipya kugawiwa na hawawezi kupatikana tena. Karibu nusu ya vilivyokuwemo havikuwa na mwenyewe wala maana. Kama una friza kama hiyo, usitupe chochote kabla ya kumtafuta mwenyewe, na usikubali sanduku liingie bila jina, tarehe na siku ya kutolewa.

Tulipobakiwa na nusu nikaomba tuiweke nyuzi 70 badala ya 80. Bosi alikataa. Aliogopa, na mimi nikamwona mkaidi, tukakaa wiki mbili hatusemezani vizuri. Sasa naona alikuwa na sababu: sampuli zile ni kazi ya maisha yake, na mimi ndiye niliyeosha tipu. Kilichomlainisha ni orodha iliyokusanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na cha California, Davis, inayoonyesha aina nyingi za sampuli zilizokaa nyuzi 70, au joto zaidi ya hapo, kwa miaka bila kuharibika. Kupandisha kutoka 80 hadi 70 huokoa takriban asilimia 30 ya umeme wa friza. Tulianza kwa majaribio ya miezi mitatu. Mita ndogo ya soketi niliyoinunua kwa pesa zangu ilikuwa inasoma uniti 21 kwa siku kabla. Ikashuka ikawa kati ya 14 na 15. Bosi alikuwa akija kuitazama kila asubuhi kabla ya chai.

Lakini jambo lililobadilisha kila kitu halikuwa baridi kabisa. DNA ya mbu haihitaji friza. Mbu akikaushwa vizuri juu ya silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya kichupa kilichofungwa, anakaa kabatini miaka na DNA yake inasomeka. Watu wa malaria wamefanya hivyo miaka mingi, kama wanavyokausha matone ya damu kwenye karatasi ya chujio. Sisi tulikuwa tunagandisha kwa mazoea, kwa kuwa maabara kubwa zinagandisha. Sasa wanaokwenda DNA wote hukaushwa. Friza imebaki kwa RNA, ndugu dhaifu wa DNA, na virusi, ambavyo bila baridi kali huoza, na hapo sitaki mtu anisome vibaya akaharibu kazi yake.

Kukausha nako kuna mtego wake hapa pwani. Masika yakiingia hewa inabeba maji, silika inashiba ndani ya siku chache, na mbu anaota ukungu. Tulipoteza kundi zima la mbu wa Mei kwa njia hiyo, mia moja na themanini. Tumia silika inayobadilika rangi, na ukiweza chagua ya chungwa inayogeuka kijani, kwa sababu ile ya buluu inayogeuka waridi hutiwa kobalti, ambayo ni sumu. Ikishiba usiitupe, irudishe kwenye oveni mpaka rangi yake irudi, itumie tena. Kifuniko kizungushie parafilamu, ule utepe laini wa kuziba. Weka vichupa ndani ya ndoo yenye mfuniko wa mpira na silika nyingine chini, na chungulia kila wiki wakati wa mvua.

Mashine ya kusafishia maji niiseme kwa ufupi. Ile ya kuchemsha na kukamata mvuke ilikuwa inamwaga zaidi ya lita kumi za maji ya kupozea kwa kila lita moja safi, katika mji ambao mfereji ukikauka watu hununua maji kwa mkokoteni. Tuliunganisha mpira ukaingia kwenye tangi, maji yale yakawa ya kuoshea vyombo na kusafisha choo. Mpira na tangi vilitugharimu elfu sita.

Basi, plastiki iliyobaki. Hapa ndipo sijafika.

Nilikuwa na matumaini makubwa ya kuirejeleza. Nani wa pwani hii asiyeijua Flipflopi, dau lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, mkono wa fundi Ali Skanda na wenziwe, likavalishwa malapa elfu thelathini na kushuka majini mwaka 2018, kisha mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar? Nikasema kama ndara inaweza kuwa dau, kichupa changu hakiwezi kuwa hata ndoo? Nikabeba gunia la vichupa vilivyopita autoklevu nikampelekea mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga plastiki. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Dada, nakuamini. Lakini wateja wangu wakisikia ni za maabara, mimi nimekwisha. Na kijana wangu anayechambua kwa mikono, nimwambie nini?"

Nilirudi na gunia langu. Alikuwa sahihi. Kijana anayechambua hana njia ya kujua gunia lipi limepita joto na lipi halikupita. Alichokubali ni vile visivyogusa sampuli kamwe: masanduku ya tipu, vifuniko vyake, chupa za maji safi, mifuko ya nje. Tulipovitenga tangu mwanzo, kwenye pipa lao wenyewe lililo chumba kingine kabisa, tuliona kwamba ni zaidi ya theluthi ya taka zote. Miaka yote tulikuwa tunavichoma kwa sababu vilikaa pipa moja na vichafu.

Masanduku meupe ya povu yanayokuja na dawa kutoka ng'ambo tunawapa akina mama wanaouza samaki. Huyagombania, maana samaki hukaa na barafu mpaka jioni. Hapa nusura tufanye kosa jingine kama lile la vichupa vya watoto: siku moja kijana wa usafi alitaka kumpa mama mmoja sanduku lililotumika kubebea damu kutoka zahanati. Nililikuta mlangoni. Sasa lililobeba sampuli hupigwa msalaba mwekundu siku linapofika na huvunjwa kabla ya kutoka, na lililobeba dawa hutolewa lebo zote nami mwenyewe ndiye ninayelitoa.

Vichafu vyenyewe hupita autoklevu, nyuzi 121, si dakika 15 za kuulia vijidudu kwenye vyombo bali nusu saa na zaidi, kwa sababu joto huchelewa kufika katikati ya mfuko. Usitie humo kitu chochote kilichomwagiwa dawa ya klorini, hutoa gesi mbaya. Mwenzangu alikohoa siku mbili. Kisha mifuko ya njano huchukuliwa na gari lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwenda kwenye tanuri la vyumba viwili, ambalo chumba cha pili hufika nyuzi 850 au zaidi na kuunguza hata moshi wenyewe. Tunalipa kwa kilo. Bili ya kwanza ilikuwa shilingi elfu kumi na moja na bosi alinyamaza nayo mkononi. Ila bili ya uzito ina faida: kila mtu akaanza kuuliza kama anahitaji kichupa cha pili.

Tuliacha pia glavu za vinili. Ni PVC, ina klorini ndani yake, na kwenye moto mdogo wa shimoni hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo ndiyo bibi alikuwa akiivuta kila Ijumaa. Tunatumia za nitrili, bei yake ni juu kidogo, na tumekubaliana kutovaa glavu kwa kazi isiyozihitaji, kama kuandika lebo na kufungua kompyuta. Na rangi ya jeli, ile ethidiamu bromaidi inayoshika DNA ya mtu sawa na ya mbu, tuliibadilisha kwa nyingine isiyo na hatari kiasi hicho. Chupa ya zamani bado imefungwa kabatini. Hatujapata wa kuichukua, na siimwagi.

Shimo tulilifukia. Kabla ya kulifukia tulichukua siku nzima, mimi, mwenzangu na yule kijana wa usafi, tukiwa na reki na glavu nene, tukaokota tulichoweza kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwa bibi. Alitutolea mkeka na chai ya tangawizi. Sikujua niseme nini zaidi ya samahani, nikasema samahani. "Haya, mwanangu," akasema, akanisukumia sahani ya mahamri. "Mmekuja."

Vichupa vya watoto, vile kumi na saba nilivyonunua jioni ile, vimo kwenye droo yangu ndani ya mfuko wa njano. M-47 ni mbu wa Oktoba, aliletwa kutoka upande wa Sabaki, nilimtafuta daftarini. Alikuwa arabiensis. Na hadi leo nikipita Muyeye nikaona watoto wamekaa duara, husimama kwanza nikatazama wameshika nini, ndipo nikatoa salamu.